Cheti hakiogelei

Anayekagua jahazi la mbao kwa dhati haanzi na umri wake wala jina la mwenyewe. Hungoja bamvua, maji yakupwe, chombo kilale ubavu mchangani. Kisha hugonga ubao mmoja mmoja na kusikiliza. Ubao mzima hulia, uliooza hujibu kwa sauti bubu. Huchokoa kalafati, hutazama misumari, huchungulia ngama.

London ya karne ya 19 ilikuwa na taasisi ya kazi hiyo, Lloyd's Register. Herufi A ilikuwa ya mwili bora wa meli, na tarakimu 1 ya nanga, kamba na vifaa vilivyo timamu. Wafanyabiashara wa bima waliisoma A1 wakaweka fedha zao. Lakini kabla ya mageuzi ya 1834, meli ilivuliwa A kwa kuhesabiwa miaka na kuangaliwa mahali ilipoundwa, hata kama mbao zake bado zilikuwa imara. Wenye meli walilalamika, na haki ilikuwa yao: daftari lilikuwa limechukua nafasi ya nyundo.

Kosa la namna hiyo lilimwaga damu Pemba. Mkataba wa 1873 ulikuwa umepiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, lakini kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja, na mashamba ya Pemba yakawa na njaa ya mikono. Majahazi yakaendelea kuvusha watu kwa siri. Mashua za HMS London, manowari kuukuu ya mbao iliyotiwa nanga Unguja, zilizunguka kuyavizia.

Palikuwa na mwanya. Chombo chenye bendera ya Ufaransa Waingereza hawakuruhusiwa kukipekua. Waliweza tu kuomba karatasi. Manahodha walilijua hilo fika. Ukaguzi unaoishia kwenye karatasi humfundisha mhalifu mahali pa kuficha mzigo, nao walijifunza haraka.

Tarehe 3 Desemba 1881, Kapteni Charles Brownrigg wa HMS London, akiwa na watu wachache katika mashua ya mvuke, alilikuta karibu na Pemba jahazi linalopeperusha bendera hiyo. Aliliendea kama mtu aendaye kusoma hati, si kupigana. Jahazi lilikuwa la Hindi bin Khatem, na lilibeba watumwa. Mashua ilipokaribia, bunduki zikalia, kisha watu wa jahazi wakaivamia. Brownrigg aliuawa pamoja na baadhi ya mabaharia wake.

Huko Uingereza nako, sheria ya 1876, iliyopiganiwa na mbunge Samuel Plimsoll, iliamuru kila meli ichorwe alama ya mwisho wa shehena. Haikusema ichorwe wapi. Kwa miaka mingi mwenye meli aliichora alipotaka, na kwa hiyo meli iliyozidishiwa mzigo iliweza kuwa halali kabisa.

Wapemba hawahitaji kwenda mbali kiasi hicho. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imeruhusiwa abiria 645 na mabaharia 45. Tume ya serikali ilieleza baadaye kwamba ndani walikuwamo zaidi ya watu 2,400. Idadi iliyoruhusiwa ilikuwa imeandikwa vizuri. Kazi ya kuilinganisha na vichwa vilivyopanda ndiyo iliyokosa mtu. Na usiku ule ule walikuwapo abiria, wasio na nyundo wala daftari, walioitazama meli ilivyojaa wakakataa kupanda.