"Sikumwona"

Dereva aliyemgonga mtu usiku hana neno lililo jepesi kutoka kinywani kama "sikumwona". Mara nyingi ni kweli. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa humaliza mita 22 kila sekunde, na taa zikishushwa ili zisimwumize macho anayekuja, hazimuliki mbali. Lakini je, ukweli huo watosha kumwondolea lawama?

Swali hili limezidi ugumu tangu ipatikane kamera ya joto. Kamera hii haihitaji mwanga. Hupokea miali isiyoonekana kwa macho, ya jamii ile aliyoigundua William Herschel mwaka 1800, ambayo kila mwili wenye joto huitoa. Kioo cha gari huizuia miali hiyo, kwa hiyo kamera hufungwa nje, mbele ya gari, na mtembea kwa miguu huonekana kama umbo jeupe kabla taa hazijamfikia. Cadillac iliiuza kuanzia modeli ya mwaka 2000. Haikupata wanunuzi wengi, ikaachwa. BMW ikaichukua mwaka 2005. Hadi leo hupatikana zaidi katika magari ya bei kubwa.

Hapo pana jambo la kufikirisha. Anayelipa ni aliye ndani. Anayeokolewa ni aliye nje, ambaye pengine hatalipanda gari hilo maishani. (Sisemi kwamba mnunuzi hafaidiki: akimgonga ng'ombe, naye huumia.) Basi "sikumwona" ya mtu aliyeweza kununua jicho hilo akachagua viti vya ngozi hailingani na ile ya dereva wa lori kuukuu. Huyu wa lori alilobaki nalo ni kupunguza mwendo, nalo halinunuliwi.

Wala jicho peke yake halitoshi. Mwaka 2018, mjini Tempe, Marekani, gari la majaribio lililojiendesha lilimwua usiku mwanamke aliyekuwa akikokota baiskeli. Vyombo vyake vilimgundua sekunde 5.6 kabla, ila programu haikumtambua kuwa ni mtu, na msimamizi aliyekaa kwenye usukani alikuwa ameinamia simu. Nani hapo aseme hakumwona?

Nami nachelea dereva atakayeona mbali zaidi, kisha akaongeza mwendo kwa sababu hiyo. Anayetembea kando ya barabara hawezi kujua ni gari lipi lenye kamera. Huyapisha yote kwa kuingia majanini.