Je, Mkimbizi Aweke Akiba?



Swali hili limetufikia mara nyingi, baada ya ibada na hata kwenye misiba: je, ni halali Mkristo aliye mkimbizi kuweka akiba? Wengine wanauliza kwa imani. Wanasema Mungu aliyetuvusha mpaka usiku, mikono mitupu, ndiye anayejua kesho. Wengine wanauliza kwa uchungu: nitawekaje shilingi sandukuni huku nasikia watoto wa jirani wakilia njaa nyuma ya ukuta wa udongo? Maswali haya ni mawili, tusiyachanganye.

Kwanza tuseme wazi. Ziko nyumba katika kanisa letu zinazopika mara moja kwa siku. Kumwambia mama wa nyumba hiyo abane matumizi ni kumdhihaki, kwa maana hana cha kubana. Maneno haya ni kwa sisi ambao kitu kidogo hupita mikononi mwetu: anayelima kipande cha kukodi, anayeshona, anayeendesha bodaboda, anayetumiwa pesa kwa simu na ndugu aliye ng'ambo.

Tunajua pia kwamba neno "kujitegemea" halina utamu masikioni mwetu. Hapa Uganda linasemwa tangu mpango wa mwaka 1999, na mara nyingi tumelisikia wakati ule ule chakula kinapopunguzwa. Mwaka 2020 PAM ilipunguza mgao kwa asilimia 30. Mwezi wa tano mwaka 2025 watu wapatao milioni moja waliondolewa katika msaada wa chakula, wakabaki waliohesabiwa kuwa wanyonge zaidi. Basi mtu akisikia mchungaji naye anahubiri kujitegemea, atadhani ametumwa. Hatukutumwa. Paulo alifanya kazi kwa mikono yake asiwalemee Wathesalonike (1 Thes. 2:9), lakini Wafilipi walipomletea msaada aliupokea kwa furaha (Flp. 4:15-18). Hakuona aibu kumhitaji mtu. Alichokataa ni kufungwa mdomo kwa sababu ya mkate.

Wanaokataa akiba hutuletea habari ya mana. Ni kweli, waliobakiza mpaka asubuhi walikuta mabuu na uvundo. Lakini tusome sura yote. Siku ya sita waliambiwa waokote mara mbili na kuweka, na iliyowekwa haikuoza (Kut. 16:22-24). Mana ni ile ile, chombo ni kile kile, usiku ni mmoja. Ya kwanza iliwekwa kwa kutomwamini aliyeahidi ya kesho. Ya pili iliwekwa kwa sababu kesho yake hapangekuwa na kuokota. Nasi tunazijua siku zetu zisizo na kuokota: mgao unapochelewa, muhula wa shule unapoanza, mama anapokaribia kujifungua, jua linapochoma mahindi kabla hayajabeba. Siku inayojulikana isipowekewa kitu, tusiiite imani.

Iko na ile ya kungoja ndege. Tumewaona waliouza mbuzi na kuacha shamba kwa kuwa faili yao ya kwenda Marekani ilifika kwenye vipimo vya afya. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata waliokuwa na tarehe ya safari walibaki hapa, bila mbuzi.

Pesa yetu inapotelea wapi? Kwenye anasa ni kidogo mno. Anayepewa chakula anauza sehemu siku ya mgao, siku ambayo kila mtu anauza na bei iko chini, ili alipe deni la duka. Wiki ya tatu anarudi sokoni kununua mahindi yale yale kwa kikombe, bei imepanda. Anayepewa pesa anapita dukani kwanza, na anachofika nacho nyumbani hakitoshi hata sabuni. Mwezi unaofuata ni vivyo hivyo. Kubana matumizi kwetu ni kuvuka mwezi mmoja tu bila kukopa, hata kwa kula sombe bila mafuta, ili mgao unaofuata usiwe umeliwa kabla haujafika.

Sasa swali la jirani. Mabikira watano walikataa kugawa mafuta yao, na Bwana hakuwakemea (Mt. 25:8-10). Mfano ule ni wa kurudi kwake, wala hatutaki kuugeuza kuwa somo la biashara, ila unatuonyesha kwamba si kila "hapana" ni dhambi. Ada ya mtoto iliyowekwa kwa miezi mitano haina sababu ya kuishia kwenye keki ya harusi kwa kuwa kamati imeandika jina lako. Kamati za kanisa nazo zisikie hilo. Lakini mtoto wa jirani aliyelala njaa hakuulizi ada. Anaulizia chungu kilichoko motoni, na chungu kinagawanyika.

Yuko mwingine ambaye tunamsifu upesi, naye ni Yusufu. Aliweka sehemu ya tano ya mazao, akaokoa uhai wa wengi, na watu wenyewe walimshukuru. Tusome tena Mwanzo 47. Nafaka iliyotoka mashambani mwao waliuziwa wao wenyewe. Pesa ilipokwisha walitoa mifugo, mifugo ilipokwisha walitoa ardhi pamoja na miili yao wawe watumwa wa Farao. Hatusemi Yusufu alitenda dhambi, Biblia haisemi hivyo. Tunasema mwenye ghala wakati wa njaa ana nguvu ya kutisha, hata akiwa mtu mwema.

Katika kambi yetu nguvu hiyo inaonekana kwenye kadi ya mgao. Mtu amebana, ameweka, amefungua duka dogo, tunamshangilia. Kisha anakopesha shilingi elfu 20 zirudi elfu 30, na rehani ni kadi ya mama mwenye watoto sita, pamoja na namba yake ya siri. Torati ilikataza kushika jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kushika uhai wa mtu (Kum. 24:6). Kadi ndiyo jiwe letu la kusagia. Deni na libaki limeandikwa daftarini, hatumwambii mtu asamehe mali yake. Kadi irudi kwa mwenyewe.

Mtu atauliza: na riba ya vikundi vyetu vya kuweka na kukopa? Vikundi hivi vilianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na riba inarudi kwa wanachama wote siku ya kugawana, hata kwa yule aliyeilipa. Si sawa na ya mwenye kadi. Hata likilimba yetu ya nyumbani, ambayo haina riba, ilikuwa na sura hiyo ya kupeana zamu.

Ila sanduku nalo lina mlango. Asiyeweza kununua hisa moja kwa wiki anabaki nje, na mfuko wa jamii unamsaidia mwanachama aliyefiwa au aliyeugua. Israeli waliambiwa wasivune mpaka pembe za shamba, wawaachie maskini na mgeni (Law. 19:9-10). Vikundi vinavyokutana chini ya mti wa kanisa, kabla ya kugawana mwaka huu, tunawaomba mkae mjadiliane: bibi anayeishi peke yake, na jamaa waliofika juzi kutoka Masisi, pembe yao iko wapi katika sanduku lenu, na ni kiasi gani?