Je, Kutoa Taarifa ni Kumsengenya Jirani?

Kijana mmoja wa usharika wetu alinijia jioni akiwa bado na viatu vya kazi. Ameajiriwa katika yadi ya mkandarasi mmoja, ambaye sitamtaja. Siku hiyo dizeli ilikuwa imemwagika, na msimamizi akaagiza ifukiwe kwa mchanga, isiandikwe kitabuni. "Mchungaji, nikiandika, si nitakuwa nimemsengenya?" Msimamizi huyo ndiye aliyemtafutia kazi.

Nilimjibu haraka. Nilimkumbusha Amri ya Nane, na jinsi Luther katika Katekisimo Ndogo anavyotutaka tumtetee jirani na kumnenea mema. Akashukuru, akaenda zake. Usiku ule niliyekosa usingizi ni mimi.

Kasoro ya jibu langu ni kwamba nilihesabu jirani mmoja tu.

Wapendwa, sisi watu wa Tanga tuna sababu ya kuhesabu vizuri. Agosti 2017, Rais Magufuli na Rais Museveni waliweka pale Chongoleani jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda. Urefu wake ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo zimo nchini mwetu. Mafuta yale yana nta, yakipoa yanaganda, hivyo bomba hupashwa joto hadi karibu nyuzi 50 njia nzima. Mwisho wake ni matangi na gati la kupakilia meli, kwenye pwani ya mikoko na ya wavuvi wanaotoka alfajiri na ngalawa zao. Hapo pia kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. (Mungu huficha vitu vyake, nasi tunavikuta tumechelewa.)

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kabla mradi haujaanza, na NEMC ina mamlaka ya kukagua. Lakini mkaguzi halali kazini. Akija husoma kilichoandikwa, na wanaoandika ni vijana kama yule wetu. Ukurasa mtupu humdanganya mkaguzi bila mtu yeyote kutamka uongo. Kumbe Amri ya Nane ilikuwa upande wa kijana, si wa mchanga!

Tena Luther huyo huyo, akieleza Amri ya Tano katika Katekisimo Kubwa, anamtia hatiani anayeweza kumkinga jirani na madhara asimkinge. Kule Ogoniland, Nigeria, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 ilikuta mafuta yamefika hadi kwenye visima vya maji ya kunywa. Dizeli ya yadi moja si Ogoniland, najua. Ila mkono uliozoea kufukia kidogo, siku ya kikubwa utashika koleo lile lile.

Nilimfuata kijana nyumbani kwao, nikamwambia nilikosea. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na nikifukuzwa, Mchungaji, usharika utawalisha wanangu?"

Swali hilo nimelipeleka kwenye baraza la wazee. Tumeketi mara mbili, na bado hatujamjibu.