"Haijaweza" Si Maoni

Kuna neno moja linaloua kazi nyingi hapa Nairobi: "haijaweza." Dizaina anatuma bango kwa WhatsApp, anangoja, kisha linaingia hilo neno peke yake, bila sababu. Atajuaje kilichokosekana? Halafu kuna wale wa "imeweza, noma sana!" hata kabla hawajalifungua. Wahenga walishawaona: mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Tunadhani hawa ni watu wawili, mkali na mpole. Kwangu ni mtu yule yule: wote wamekataa kuiangalia kazi.

Lakini je, nina haki gani ya kukosoa kitu nisichoweza kukichora? Ninayo, kwa sababu mimi ndiye nitakayekisoma. Ila haki hiyo ina mpaka. Linganisha sentensi tatu. "Siipendi" inanihusu mimi. "Ni mbaya" ni hukumu. "Nimetafuta tarehe ya shoo nikaikosa" ni ushahidi: dizaina anaweza kuupima, kuukubali ama kunionyesha tarehe ilipo. Mpaka wangu ni hapo kwa ushahidi. Nikianza kuamuru, "weka nyekundu, kuza nembo," nimemgeuza mkono wangu tu, na nilimtafuta kwa sababu ya jicho lake.

Hapo pesa nayo inaingia. Mdosi akisema lolote, jibu ni "sawa boss," maana invoisi haijalipwa. Ukosoaji usioweza kujibiwa ni amri, hata ukisemwa kwa sauti ya chini. Pixar, waliotengeneza Toy Story, wana kikao cha wenza kiitwacho Braintrust. Wanaitazama filamu ikiwa bado mbichi, wanasema ukweli, lakini hawana mamlaka ya kumwamuru mwelekezi. Uamuzi unabaki wake.

Dizaina naye ana deni. Mficha uchi hazai: anayeificha kazi hadi usiku wa kuamkia siku ya kuchapisha amewanyima wenzake nafasi ya kumsaidia.

Sasa upole ni nini? Si kuupunguza ukweli. Ni kuuleta mapema, kabla mabango elfu moja hayajatoka River Road, na kumwachia mwenye kazi nafasi ya kusema, "Hapana, hiyo nilikusudia." Kama huwezi kuvumilia jibu hilo, usiseme unatoa maoni. Sema unatoa amri, ajue anachojibu.