Mama wa Watoto Wadogo Katika Ramadhani: Amepata au Amekosa?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Ahali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Kila Ramadhani inapokaribia kwisha, husikika maneno ya namna moja kutoka kwa kina mama wenye watoto wadogo. Husema: "Watu wamekhitimu, sisi hata juzuu moja hatukuimaliza. Watu wamesali tarawehe mwezi mzima, sisi tulikwenda usiku mmoja, mtoto akalia, tukarudi. Ramadhani imetupita." Na upande wa pili husikika baba wa watoto wale wale akishukuru kwa Ramadhani njema aliyoipata: amekhitimu mara mbili, hakukosa darsa hata siku moja, wala hakukosa safu ya mbele. Basi hapa pana swali linalostahili kufikiriwa na kila mwenye akili. Ni kweli kuwa katika nyumba moja, chini ya dari moja, mmoja amepata na mmoja amekosa? Na kushughulika na mtoto mdogo ni kumwacha Mwenyezi Mungu, au ni njia miongoni mwa njia za kumwendea?

Wanavyuoni husema kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulijua. Kwa hivyo tuitazame kwanza hali yenyewe kama ilivyo.

Tutwae mfano wa Ramadhani ya mwaka 1446 wa Hijra, iliyoangukia mwezi wa Machi 2025. Skuli zilikuwa wazi, na joto la kaskazi lilikuwa halijapoa. Mama wa watoto watatu, akiwa Mombasa, au Malindi, au Lamu, huamka saa tisa za usiku kupasha daku. Watu wakisha kula yeye huosha vyombo, na adhana ya alfajiri ikilia, mtoto mchanga naye huamka. Mkubwa yataka avishwe sare aende skuli. Wa kati, mwenye miaka minne, hafungi. Ataka chai yake asubuhi na chakula chake mchana, na anayempikia chakula hicho ni mtu aliyefunga. Mkubwa akirudi, apelekwe chuoni. Ikiingia laasiri ndipo kazi ya jiko inapoanza khasa: nazi ikunwe, tui likamuliwe, muhogo utiwe jikoni, mbaazi ziungwe, kaimati zichomwe, sambusa zikunjwe, na sahani ya jirani nayo isisahauliwe. Adhana ya magharibi ikilia, mikono yote huinuka kwa tende. Yeye ana mtoto kifuani, na tende yake humfikia mwisho. Baada ya isha wanaume hutoka kwenda kusali tarawehe, naye hubaki na vyombo, na sare za kufua, na watoto wasiotaka kulala. Pwani yetu i karibu na ikweta, kwa hivyo mchana wetu haurefuki sana wala haufupiki sana, na saumu yetu ni ya saa 13 na kitu, mwaka nenda mwaka rudi. Lakini kazi ya mama huyu haipungui saa 18.

Sasa, atakayesema kuwa shughuli kama hizi humzuia mtu na ibada, hakusema jambo lisilo na asili. Qurani yenyewe imetuonya kuwa mali na watoto ni mtihani, na imewakataza waumini wasipumbazwe na vitu viwili hivyo wakaacha kumkumbuka Mola wao. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), alipoandika juu ya ndoa katika Ihyaa, alilitia katika hesabu ya madhara ya ndoa jambo hili: kuwa mke na watoto huweza kumshughulisha mtu hata akamsahau Mwenyezi Mungu. Hii ni hoja nzito, wala haifai kuipuuza.

Lakini Imamu huyo huyo, katika mlango huo huo, amehesabu miongoni mwa faida za ndoa kuwa ndani yake mna jihadi ya nafsi: kuwachunga watu wa nyumbani, kuvumilia tabia zao, na kujitaabisha kwa ajili ya maslaha yao. Basi vipi kitu kimoja kiwe ni madhara na kiwe ni faida? Jawabu yake ni kuwa mtoto mwenyewe si kizuizi wala si ngazi. Kinachomfanya hivi au vile ni lile tulitakalo kwake. Anayemtaka mtoto kwa fahari, akamkopea nguo za Idi ili jirani aone, au akamkusanyia mali pasi na kuuliza ya halali au ya haramu, huyo ndiye aliyepumbazwa. Ama anayeamka usiku kumnyonyesha, akamsafisha uchafu wake, akamkanda homa yake, huyo yumo katika kutekeleza amri. Na mtu hawi mwenye kumsahau Mwenye amri kwa kuwa anaitekeleza amri yake, maadamu moyo wake wajua kazi hiyo yafanywa kwa ajili ya nani.

Tena tuangalie daraja za amali. Tarawehe ni sunna. Kukhitimu Qurani katika Ramadhani ni sunna. Kumhifadhi mtoto asiyeweza kujihifadhi ni wajibu. Na hapana khitilafu kuwa wajibu hutangulia mbele ya sunna. Bali saumu yenyewe, nayo ni nguzo ya dini, sharia imeilegeza kwa ajili ya mtoto. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mama anyonyeshaye akiichelea nafsi yake, au akijichelea yeye pamoja na mtoto, ana rukhsa ya kula kisha alipe. Na akimchelea mtoto peke yake, pia ana rukhsa ya kula, kisha atalipa na kutoa mudi moja ya chakula kwa kila siku. Ikiwa nguzo ya dini imelegezwa kwa ajili ya maziwa ya mtoto, vipi sunna isilegezwe kwa ajili ya kilio chake?

Na Mtume (S.A.W.) ametuonyesha haya kwa vitendo. Imepokewa katika Hadithi sahihi kuwa alikuwa akiingia katika sala na nia yake ni kuirefusha, akasikia mtoto analia, akaifupisha kwa kuihurumia taabu ya mama yake. Na alisalisha watu naye amembeba mjukuu wake Umama, binti ya Zaynab; akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Imepokewa pia kuwa walikuwa safarini siku ya joto kali, na baadhi ya Sahaba wamefunga na baadhi hawakufunga. Waliofunga walianguka kwa uchovu. Wasiofunga wakasimama, wakapiga mahema na kuwanywesha wanyama. Mtume akasema kuwa siku ile thawabu zimechukuliwa na wale wasiofunga. Ewe msomaji, izingatie Hadithi hii vyema. Saumu haikudharauliwa. Lakini siku ile mzigo wa jamaa wote ulikuwa juu ya mabega ya wachache, na Mwenyezi Mungu hakuwaacha wabebaji warudi mikono mitupu.

Basi jawabu ya swali letu ni kuwa mama huyu hakukosa, ikiwa aliifanya kazi yake kwa nia. Tasbihi aliyoisema huku akipembeza mtoto ni dhikri. Usingizi alioukosa kwa ajili ya mgonjwa wake ni kisimamo. Asiihesabu Ramadhani yake kwa kurasa.

Hapa nataka kuwageukia wanaume wenzangu, kwani maneno haya ni mepesi kuyafanya mto wa kulalia. Atatoka mtu aende kwa mkewe amwambie: "Umesikia? Kazi yako ni ibada kubwa, basi endelea nayo," kisha avae kanzu yake atoke. Hilo ni neno la haki lililotumiwa kwa jambo la batili. Ikiwa kweli waamini kuwa kumhudumia mtoto kuna thawabu kubwa namna hiyo, mbona wewe wazikimbia? Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, akajibu kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, na sala ikiingia hutoka kwenda kusali. Huyo ndiye tunayejigamba kufuata sunna zake. Twafuata sunna ya mswaki na sunna ya tende, na sunna ya kazi ya nyumbani tumeiacha!

Tena wengi wetu hatujui, au twajua na twanyamaza, kuwa katika madhehebu yetu kupika na kufua na kufagia si wajibu wa mke kwa mumewe. Afanyapo kazi hizo afanya ihsani. Na ihsani ina deni lake, nalo ni shukrani; na shukrani ya mkono ni bora kuliko ya ulimi.

Mtu akitaka kwenda Hija twamuuliza: Nauli yako imetoka wapi? Na uwaachao nyuma umewaachia nini? Kwani miongoni mwa masharti ya uwezo ni kuwaachia walio juu yako masurufu yao mpaka urudi. Basi mbona hatujiulizi tarawehe zetu zimenunuliwa kwa usingizi wa nani? Kila ibada ina gharama yake, na gharama hiyo lazima pawe na mtu anayeilipa. Abu Dardaa (R.A.) alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku, akamsahau mkewe. Salman (R.A.) alipomzuru akamzuia, akamfahamisha kuwa Mola wake ana haki, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, na ampe kila mwenye haki haki yake. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), alimsadikisha Salman. Hakumsifu mwenye rakaa nyingi.

Jambo jingine lapasa kusemwa wazi. Katika taabu ya mama huyu kuna sehemu ya mtoto na kuna sehemu ya tumbo la mkubwa. Ya mtoto ni wajibu, haina shauri. Lakini nani aliyewajibisha kuwa meza ya futari iwe na sahani saba? Mwezi umeletwa tupunguze kula, nasi tumeufanya mwezi wa mapishi. Na nyumba nyingi hutumia Ramadhani zaidi ya zinavyotumia miezi mingine. Mume asiyeridhika na uji, tende na sahani moja ya muhogo, naye ndiye anayemnyima mkewe juzuu yake ya siku. Wala si waume peke yao: kina mama pia hushindana kwa sinia zipitazo mlangoni, na ushindani huo haumo katika ibada tuliyoitaja.

Basi tufanye nini? Mambo yenyewe si magumu. Tarawehe yafaa kusaliwa nyumbani, na yafaa kusaliwa peke yako. Kwa hivyo mume na mke wagawane usiku, huyu aende msikitini na huyu akae na watoto, kisha kesho wabadilishane. Mume awachukue watoto baada ya laasiri, hata nusu saa tu, ili mama apate msahafu wake. Futari ipunguzwe. Na kumi la mwisho lisitumiwe lote madukani kutafuta nguo za Idi, mama akaburura watoto watatu katika msongamano usiku ambao huenda ukawa ndio Laylatul Qadri.

Na Ramadhani ikisha kwisha, deni la mama halijakwisha. Zile siku alizokula kwa udhuru atazilipa peke yake, wakati nyumba nzima inakula mbele yake. Mume mwema hufunga pamoja naye japo baadhi ya siku hizo, au humwondolea kazi ya mchana. Na ikiwa udhuru wake uliendelea mpaka Ramadhani nyingine ikamkuta, kama aliyeshika mimba kisha akanyonyesha, hana fidia ya kuchelewesha. Aliyelipishwa mudi kwa ajili ya mtoto atatoa hiyo tu, na siku zake atazilipa atakapoweza. Asitishwe kwa maneno ya barazani.

Mwisho, tusiwasahau watoto wenyewe. Mtoto wa miaka minne hajui fiqhi ya saumu, lakini anajua nyumba yake ilikuwaje mwezi huo. Sahaba wa Kiansari walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura, na aliyelia akitaka chakula wakimpa kitu cha kuchezea cha sufi mpaka wakati wa kufuturu. Hivyo ndivyo walivyoifanya saumu ipendeze machoni mwa mtoto. Mtoto wetu akikumbuka Ramadhani kuwa ni mwezi wa mama kuchoka na kukasirika, na baba kutoonekana, na mzee msikitini kumkemea kwa sababu amecheka, tusistaajabu akikua akiukimbia msikiti. Na akikumbuka kuwa ni mwezi ambao baba alimbeba begani, na mama alikaa akasoma naye yupo pajani, basi huyo amekwisha kufundishwa dini kabla hajajua alifu.

Basi usiku wa kuamkia Idi, mtu asiulize peke yake, "Nimekhitimu mara ngapi?" Aulize pia, "Nani alinibebea mzigo wangu nilipokuwa nikisoma, na mimi nimembebea nani?" Mwenyezi Mungu azikubali saumu za waliofunga na taabu za waliohudumia, na atujaalie tuwe wenye kupeana haki zetu. Amin.