Maji Hutekwa Nyumbani

Katika jimbo la California, nchini Marekani, kuna bonde la jangwa liitwalo Death Valley, yaani Bonde la Mauti. Mwaka 1913 joto lake lilipimwa, likafika nyuzi 56.7 za Selsiasi. Hata hivyo wako watu waendao kupiga kambi nyikani humo, pasipo bomba wala kisima. Mwenye busara huchukua maji yake kabla ya kuondoka.

Wapendwa wasomaji, nasi twawapeleka watoto wetu mbali, shuleni na mijini. Sanduku tumewatayarishia, na godoro pia. Je, kusali tumewafundisha? Maji hayo hutekwa nyumbani kila jioni, baba na mama wakipiga magoti pamoja na watoto wao. Tuteke mapema, wasije wakazimia njiani.