Siku Auzazo Ni za Nani?

Twaulizwa: mtu akaaye Perth, achukuliwaye kwa ndege kwenda kuchimba chuma Pilbara, huko Australia Magharibi, achague zamu ipi? Wengi hutazama mshahara. Sisi twaona ahesabu siku. Wiki nne kazini na moja nyumbani humwachia siku 73 kwa mwaka. Wiki mbili kwa moja, kama 121. Siku nane kwa sita, kama 156. Tena katika hizo hajatoa siku ya safari, wala ile ya kwanza ambayo hulala tu, kwa uchovu wa kazi ya saa 12 kila siku. Atasema, “Nawachumia wanangu.” Ni kweli, lakini siku auzazo si zake peke yake, na wenziwe katika haki hiyo hawakuulizwa. Karatasi ya zamu na aisome pamoja na mkewe kabla hajatia sahihi.